Wasomaji Wauliza: Kisu Kidogo cha Kukunja

Nauza mitumba. Nataka kisu cha mfukoni cha kukatia mikanda ya marobota na nyuzi, na mchana nimenyee chungwa. Dukani nimeonyeshwa kimoja chenye vifaa kumi na viwili na kingine cha ubapa mmoja tu. Nichukue kipi? (Msomaji, Morogoro)

Chukua cha ubapa mmoja. Kila kifaa kinachoongezwa kinanenepesha mpini, na mpini mnene wenye ubapa mfupi haukai vizuri mkononi: unaukaba kwa nguvu, vidole vinachoka, kisu kinageuka kiganjani pale pale mkanda unapokatika. Kama unaona mkasi mdogo utakusaidia kwenye nyuzi, sawa, tafuta chenye mkasi. Vingine hutavifungua.

Urefu wa ubapa unaokufaa ni sentimita 5 hadi 6. Pima kuanzia nchani hadi mpini unapoanzia, maana wauzaji wengi hukutajia urefu wa kisu kizima kikiwa wazi. Vile vidogo vya kuning'iniza kwenye funguo, mfano Victorinox Classic ambayo ikikunjwa ina milimita 58, vina ubapa usiofika sentimita 4. Vinatosha kwa uzi na bahasha. Ukimenyea chungwa, maji ya tunda yanaingia kwenye kiungio, sukari inakauka humo, na kesho yake kisu kinafunguka kwa shida.

Halafu tazama unene wa mgongo wa ubapa, upande ule usio na makali. Milimita 2 zinatosha kabisa. Ubapa mwembamba kwa upana ukiwa na mgongo wa milimita 3 hauna nafasi ya kukonda kufikia makali, kwa hiyo unapasua badala ya kukata. Ukiukatia karoti utasikia inavyolia "tak" kabla kisu hakijafika chini.

Kabla ya kulipa, kifungue, shika mpini, tikisa ncha kulia na kushoto. Ikicheza, kirudishe, hiyo haipungui, inazidi. Kikunje, kisha inua ubapa milimita chache na kuuachia: springi nzuri inaurudisha yenyewe. Tazama pia kama ubapa unalala katikati ya mpini au unasugua upande mmoja. Mwisho, tia ukucha kwenye kile kijishimo cha kufungulia. Ukucha ukipinda, hutakitumia kisu hicho kwa raha.

Na hili usilipuuze. Visu vingi vya aina hii havina kifungio. Ni springi ya mgongoni tu inayoushikilia ubapa. Kukata kwa kuvuta hakuna shida. Kudunga ndiko kunakoumiza, kwa sababu ncha ikikwama ubapa hujikunja juu ya vidole. Mkanda wa robota upitishie kisu kwa chini, makali yakitazama juu, uvute, na uso wako uwe pembeni, kwani mkanda uliokazwa huruka ukikatika.

Muuzaji alipitisha sumaku kwenye kisu, ikashika. Akasema basi si chuma cha pua, kitaota kutu. Ni kweli? (Msomaji, Mombasa)

Si kweli, na imani hii inawakosesha watu visu vizuri. Chuma cha pua kisichoshikwa na sumaku ni kile cha sufuria nyingi, chenye nikeli. Hakiwi kigumu kwa kupashwa moto na kupozwa ghafla, kwa hiyo hakishiki makali. Chuma cha pua cha visu kina kromiamu na kaboni ya kutosha kukikomaza, nacho hushikwa na sumaku kama chuma cha kawaida. Kisu ambacho sumaku haikigusi ndicho cha kukitilia shaka. Ila Mombasa kuna chumvi: hata chuma cha pua hupata madoa na vitobo. Kioshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, kikaushe kikiwa wazi, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kiungio. Mafuta ya kupikia yaache, yanaganda yakawa gundi.

Nina Opinel, kisu cha kukunja cha mpini wa mti. Masika yakifika haifunguki. Nifanyeje? (Msomaji, Zanzibar)

Mti umevimba na kuubana ubapa. Usiuvute kwa koleo, utaung'oa ukingo wa makali. Hakikisha pete, ile inayozungushwa kufungia ubapa, haijafungwa, kisha gonga kisigino cha mpini, upande ule usio na pete, kwenye meza ngumu; ubapa utachomoza kidogo nawe utaushika. Uache wazi kivulini siku mbili tatu. Jua kali linapasua mpini. Ukikauka, paka nta ya nyuki iliyoyeyushwa ndani ya mfereji ubapa unamolala na kuzunguka kiungio. Usiukwangue mfereji upanuke ukiwa umevimba: kiangazi kikija ubapa utalegea.

Ubapa ni mfupi mno, kinoo kinaniteleza. Niuinue kiasi gani? (Msomaji, Mwanza)

Kwa ubapa wenye upana wa milimita 12, inua mgongo milimita 4 juu ya kinoo. Hiyo ni pembe ya karibu nyuzi 20. Noa upande mmoja hadi uhisi kwa kidole, ukipapasa kutoka mgongoni kwenda nje, utepe mwembamba wa chuma umejikunja upande wa pili. Geuza ufanye vivyo hivyo. Malizia kwa mipitisho myepesi ya kupokezana. Kisu kinachobaki butu baada ya saa nzima kwa kawaida hakijawahi kutoa utepe huo, au kiliinuliwa tofauti kila mara.

Nakwenda kusoma Uingereza. Naruhusiwa kuwa nacho? (Msomaji, Arusha)

Cha kukunja, kisicho na kifungio, chenye makali yasiyozidi inchi 3 (sentimita 7.6), unaweza kutembea nacho bila kuhitaji sababu. Chenye kifungio, kama Opinel yenye pete, kinahitaji sababu ya msingi hata kiwe kifupi. Siku ya safari kiweke kwenye begi kubwa unalokabidhi, si la mkononi.