Mtoto yuko kwa bibi Tanga, mama yuko Leicester

Barua za mwezi huu karibu zote zinaulizia jambo moja: mtoto aliyebaki nyumbani atamfuataje mzazi au ndugu mwenye makazi ya kudumu Uingereza? Kanuni yenyewe ni aya ya 297 ya Kanuni za Uhamiaji za nchi hiyo. Mtoto anayepita hapo huingia akiwa tayari na makazi ya kudumu, wala halipiwi ile ada ya huduma za afya wanayolipishwa wenye viza za muda. Ndiyo maana maombi haya huchujwa kwa kifumbu.

Nina makazi ya kudumu tangu mwaka jana. Mwanangu ana miaka 14 na analelewa na mama yangu Tanga tangu alipokuwa na miaka 4. Baba yake tuliachana. Yuko Dar es Salaam na humwona mtoto Idi kwa Idi. Hana kinyongo, ameniandikia barua: "Mimi na mama wa mtoto tumeshauriana na kukubaliana mtoto aende akasome." Risiti za pesa ninazotuma ninazo zote. Inatosha?
*Mama wa mtoto mmoja, Leicester*

Dada, risiti peke yake hazitoshi, na barua hiyo ilivyo itakuangusha.

Mzazi mmoja akiwa Uingereza na mwingine yu hai kwingineko, njia ya kawaida ni kuthibitisha kwamba jukumu la malezi limekuwa juu ya yule wa Uingereza peke yake. Kesi inayofuatwa hadi leo ni ya mwombaji wa Yemen anayetajwa kwa herufi TD tu, iliyoamuliwa mwaka 2006. Ilisema kinachotazamwa ni nani ameshika usukani wa maisha ya mtoto: nani anaamua shule, matibabu, mahali pa kuishi, na kama uamuzi huo umekuwa wake mfululizo. Bibi anaweza kumpikia, kumfulia na kumpeleka zahanati kila mara, na usukani ukabaki mkononi mwako. Lakini baba mwenye sauti katika maamuzi makubwa anahesabiwa kuwa mshirika, hata kama hajatoa shilingi.

Sasa irudie barua yake. "Tumeshauriana na kukubaliana." Ameandika kwa nia njema kabisa, na amemwambia ofisa kwamba nyinyi wawili mnaamua pamoja. Kama ukweli ni kwamba hashiriki, aandike ukweli huo kwa tarehe: mlitengana lini, mara ya mwisho kutoa matumizi ilikuwa lini, kwamba hajawahi kuitwa shuleni, kwamba humwona mtoto sikukuu tu, na kwamba hapingi safari. Kutopinga si sawa na kuamua. Na kama kweli anashiriki, msitunge barua. Ofisa anaweza kumpigia simu baba, bibi, hata mwalimu, na majibu yakigongana, kinachoanguka si ombi hilo tu bali na uaminifu wako katika maombi yajayo.

Ushahidi wenye uzito hutoka kwa watu wasio na faida na safari hiyo. Barua ya mwalimu mkuu ieleze nani alisaini fomu ya kujiunga, nani hulipa, nani hupigiwa simu mtoto akiumwa. Hapa ndipo wengi hujikwaa: kwa mazoea shule zetu huandika jina la baba penye nafasi ya mzazi, hata kama hajakanyaga hapo. Liulizie mapema, lielezewe ndani ya barua ile ile. Ongeza kadi ya kliniki, hati ya talaka, mihuri ya pasipoti ya safari zako, na taarifa za miamala kutoka kampuni ya simu au benki kwa miaka yote, si miezi sita iliyotangulia ombi. Kama pesa zilipitia kwa kaka yako, naye aandike, na miamala yake iambatane.

Katika WhatsApp usichapishe kurasa mia za "hujambo mwanangu". Tafuta zile ambazo umeamua jambo: "Mama, matokeo ya hisabati nimeyaona, mwanzishie tuisheni Jumatatu." Kurasa kumi za namna hiyo, zenye tarehe na zilizosambaa miaka kadhaa, zinatosha.

Jambo la mwisho, na watu hawalipendi: ulipoomba viza yako ya kwanza, mtoto huyu ulimtaja? Fomu za zamani zimehifadhiwa. Kama uliandika huna mtoto, eleza sababu sasa, kabla hujaulizwa.

Mimi ni nyanya wa wajukuu wawili. Binti yangu ataka niandike barua ya kupeleka na maombi yao. Niandike nini, tena kwa lugha gani?
*Nyanya, Mombasa*

Shikamoo, nyanya. Andika kwa Kiswahili, hivyo hivyo uzungumzavyo. Barua ya Kiingereza cha wakili yenye sahihi ya mtu asiyezungumza Kiingereza hicho huleta maswali yasiyo ya lazima. Ikishakamilika itafsiriwe, na mfasiri aandike jina lake, mawasiliano, tarehe, na tamko kwamba tafsiri ni sahihi. Ambatanisha nakala ya kitambulisho chako.

Taja watoto walifika kwako tarehe gani na nani aliwaleta. Eleza wewe hufanya nini kila siku na binti yako huamua nini. Toa visa viwili au vitatu hasa: mtoto alipovunjika mkono ulimpigia nani kabla ya kukubali afanyiwe upasuaji? Nani alichagua shule?

Kuna sentensi ambayo kwetu ni sifa na kwa ofisa ni sumu: "Hawa ni wanangu, kila kitu nawaamulia mimi." Ukiandika hivyo umesema jukumu ni lako, si la mama yao. Vilevile usijiuguze. Kama afya imedhoofika, barua ya daktari iseme. Kama bado una nguvu zako, liache hilo.

Nilipata uraia wa Uingereza mwaka 2015. Binti yangu kazaliwa Zanzibar mwaka 2018, mama yake ni mke wangu wa ndoa. Wakala anataka nilipie viza ya makazi ya mtoto. Ni sahihi?
*Baba, Milton Keynes*

Usilipe, ndugu. Kama ulipata uraia kwa kuuomba ukiwa Uingereza, na ulikuwa nao siku mtoto alipozaliwa, basi binti yako ni raia wa Uingereza tangu kuzaliwa kwake. Anachohitaji ni pasipoti. Peleka cheti chake kamili cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, na cheti chako cha uraia.

Tarehe ndiyo kila kitu. Angezaliwa 2014, kabla hujawa raia, asingekuwa raia, na aya ya 297 ingehusika. Siku ya kuzaliwa kwake ungekuwa na makazi ya kudumu tu bila uraia, jibu ni lile lile: aliyezaliwa nje ya Uingereza haupati uraia kwa makazi ya mzazi. Na wanaozaliwa nje na wazazi ambao uraia wao wenyewe waliurithi kwa kuzaliwa nje, kwa kawaida hawaupati moja kwa moja.

Kwa baba wasio na ndoa: mtoto aliyezaliwa tangu tarehe 1 Julai 2006 anaweza kuupata uraia kupitia kwa baba, ubaba ukithibitishwa. Ila kama mama alikuwa mke wa mwanamume mwingine siku ya kuzaliwa, sheria ya uraia inamhesabu mume huyo kuwa baba, hata DNA ikisema vingine. Hapo mnahitaji mwanasheria, si wakala.

Mtoto wangu anafikisha miaka 18 baada ya wiki tano na nyaraka hazijakamilika. Nimechelewa?
*Msomaji, Birmingham*

Bado. Umri hupimwa siku ya kuwasilisha ombi, na tarehe hiyo kwa kawaida ni ile ya kujaza fomu mtandaoni na kulipa ada. Akitimiza 18 wakati ombi linashughulikiwa, hakataliwi kwa umri tu. Basi jaza na ulipe sasa. Alama za vidole na nyaraka hufuata siku ya miadi, ila usiache miadi isogee bila sababu.

Masharti mengine lakini hutazamwa hadi siku ya uamuzi. Akiolewa au akioa katikati, au akipanga chumba na kujitegemea kwa mshahara wake, ombi linaanguka.

Mimi ni raia wa Uingereza. Dada yangu amefariki, baba wa mtoto hajulikani aliko, na mpwa wangu wa miaka 12 anakaa kwa jirani Bukoba. Naweza kumchukua?
*Mjomba, Cardiff*

Pole kwa msiba. Njia ipo, na ndiyo nyembamba kuliko zote. Kipengele cha mwisho cha aya ya 297(i) kinamruhusu mtoto kumfuata ndugu mwenye makazi ikiwa kuna sababu nzito za kifamilia au nyinginezo zinazofanya kumwacha nje kuwe jambo lisilofaa. Ugumu wa maisha pekee haukubaliki kuwa sababu nzito, wala ubora wa shule za Cardiff.

Jenga hoja juu ya hali yake pale alipo. Leta cheti cha kifo cha dada yako. Onyesha juhudi za kumtafuta baba: barua ya serikali ya mtaa, ndugu wa upande wake walioulizwa na walichojibu. Muhimu kuliko yote ni ripoti ya ofisa ustawi wa jamii wa wilaya aliyefika nyumbani hapo: analala wapi, anasoma au anatumwa kazi, jirani ana wajibu gani kwake na ataendelea hadi lini. Ofisa atauliza pia kwa nini shangazi au mjomba mwingine aliyeko Tanzania hamchukui. Kila mmoja ajibu kwa maandishi, kwa sababu zinazopimika. "Nina watoto wangu sita na vyumba viwili" ni jibu. "Sina uwezo" si jibu.

Usijiandikishe kuwa baba yake. Kulea mtoto wa dada ni wajibu tunaoujua sote, lakini huko hakuhesabiwi kuwa kuasili, na cheti cha kuzaliwa kilichobadilishwa kitamfunga mtoto huyu miaka mingi.

Niko kwa viza ya mke wa raia. Mume wangu ni Mwingereza na anampenda mwanangu. Yeye si mzazi mwenye makazi?
*Dada, Reading*

Baba wa kambo huhesabiwa mzazi kwa kanuni hizi pale tu baba mzazi amefariki. Kama yu hai, mtoto anafuata hadhi yako wewe: viza ya muda inayokwisha pamoja na yako, pauni 776 za huduma ya afya kwa kila mwaka, na sharti la jukumu la malezi kama tulivyomweleza dada wa Leicester. Kipato nacho kina kiwango. Kama viza yako ya kwanza ya mke uliiomba kabla ya tarehe 11 Aprili 2024 na unaendelea na mume huyo huyo, ni pauni 18,600 kwa mwaka pamoja na 3,800 kwa mtoto wa kwanza na 2,400 kwa kila anayefuata. Walioanza baadaye ni 29,000, bila nyongeza ya watoto.

Kwa aya ya 297 natakiwa niwe na kipato gani na nyumba ya ukubwa gani?
*Swali la wasomaji wengi*

Kipato hakina namba moja. Chukua mapato yako ya wiki baada ya kodi, toa pango na kodi ya halmashauri. Kinachobaki kisipungue kile ambacho serikali ingeipa familia ya idadi hiyo, mtoto akiwemo, kwa kipimo cha posho ya msingi ya mwaka huo. Ukipata pauni 430, pango likala 210 na halmashauri 30, unabaki na 190. Hizo ndizo zinazolinganishwa, si zile 430. Msaada wa ndugu unakubalika tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Mahad mwaka 2009, mradi taarifa zake za benki zionyeshe uwezo na mazoea ya kutoa.

Kuhusu nyumba, sebule inahesabiwa kuwa chumba cha kulala. Vyumba vitatu ni watu watano. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hahesabiwi, na wa mwaka mmoja hadi asiyefikisha kumi ni nusu. Kisha kuna kipimo cha pili: wa jinsia tofauti waliofikisha miaka 10, wasio wanandoa, wasilazimike kulala chumba kimoja. Barua ya mwenye nyumba itaje vyumba na iseme mtoto anaruhusiwa. Wengi huleta mkataba wa pango usiomtaja mtoto wala idadi ya vyumba, kisha wanashangaa.

Msisahau cheti cha kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa, kwa walioko Kenya na Tanzania. Kinadumu miezi 6, kwa hiyo kupima mapema mno nako ni hasara.

Tumekataliwa. Tukate rufaa au tuombe upya?
*Baba, Coventry*

Tazama umri kwanza. Kama mtoto ameshatimiza 18, ombi jipya la aya hii halipo tena. Rufaa ndiyo mlango uliobaki. Mtoto akiwa nje, mna siku 28 tangu kupokea uamuzi, na ada ni pauni 140 kwa kusikilizwa mbele ya jaji au 80 kwa nyaraka tu. Lipia 140. Kesi za malezi huamuliwa kwa kumsikia mzazi akihojiwa, na jaji hawezi kuiuliza karatasi swali la pili.

Kama mtoto ni wa miaka 9 na kilichokosekana ni karatasi, mfano tafsiri au barua ya mwenye nyumba, ombi jipya mara nyingi huwa jepesi kuliko kungoja tarehe ya kusikilizwa. Jibu kila sababu iliyoandikwa kwenye barua ya kukataliwa, moja moja, kwa namba zile zile walizotumia.