Mwanangu, kuhusu huyo Aya Nakamura

Mwanangu mpenzi,

Salaam nyingi kutoka Tanga. Sisi wazima. Baba yako mguu bado unamsumbua, ila msikitini anakwenda mwenyewe.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara kadhaa. Unauliza kama umruhusu mjukuu wangu aache chuo cha mitindo hapo Paris akaimbe, maana kila ukimkanya anakujibu kwamba yule mwimbaji wa Ufaransa, Aya Nakamura, naye alisomea mitindo, na leo yuko wapi. Nikamwambia dada yako anitafutie habari za huyo binti na kunieleza maneno ya nyimbo zake, nisije nikasema kitu nisichokijua. Tangu hapo hata chuo nimekisahau. Ninayemuwaza ni mama yake.

Mama yake Aya ni griot. Kwao Mali kuimba ni kazi ya ukoo: wanaitwa harusini na siku ya kumpa mtoto jina, wanazitaja nasaba za wenye shughuli, wanawasifu, nao wanatunzwa. Aya alizaliwa Bamako mwaka 1995, akapelekwa Ufaransa angali mdogo, akakulia Aulnay-sous-Bois, viungani mwa Paris, mkubwa wa watoto watano. Wewe mkubwa wa wanne unajua maana yake. Hilo jina la Nakamura alilichukua kwa mhusika wa tamthilia ya Kimarekani. La kwao ni Danioko. Kwa hiyo mtoto yule alianza kusikia nyimbo kabla hajajua kusema, kama ulivyozisikia wewe, kama nilivyozisikia mimi. Lakini nimelisema hili tangu mko wadogo: sauti hurithiwa, ujasiri haurithiwi.

Mwaka 2014 akaweka wimbo wake Facebook, unaitwa "Karma". Albamu ya kwanza ikatoka 2017, halafu 2018 ikaja "Djadja", na hapo ndipo nilipomwambia dada yako arudie tena. Ndani ya wimbo kuna mwanamume anapita akijigamba kuwa amelala naye, na si kweli. Aya anamjibu hadharani, kwa mdundo ambao hata mwenye hasira atauchezea. Mwanangu, ule ni mpasho! Mpasho hasa, wa kumwacha mtu hana pa kuuficha uso. Ulishika namba moja Ufaransa, ukashika namba moja Uholanzi, na huko Uholanzi hakuna mwanamke wa Kifaransa aliyekuwa amefika hapo tangu mwimbaji wao wa zamani, Edith Piaf, mwaka 1961.

Kisa changu cha Ngamiani mnakijua, ila nadhani nusu yake sijawahi kuwaambia. Yule bwana wa bandarini alikuwa akikaa barazani anasimulia mambo yangu na yeye ambayo hayakuwapo. Ilipofika harusi ya shangazi yenu mkubwa nikaomba maiki, nikamwambia mpiga kinanda anipe ule wimbo wa kawaida, na nilipofika kwenye beti ya tatu nikaweka maneno yangu. Jina sikulitaja, na hapakuwa na haja. Ukumbi uliinuka wote. Wanawake walikuja wakicheza, noti zimebanwa kati ya vidole, wengine wananibandika usoni, wengine wananizungusha leso kiunoni. Nilikuwa nafurahi mpaka miguu inatetemeka. Hapo ninyi huwa mnacheka, nami naishia hapo.

Bibi yenu alikuwa safu ya pili. Yeye ndiye aliyenifundisha kushusha pumzi, niko juu ya mbuzi nakuna nazi, anasikiliza akiwa chumbani. Naye alikuwa akiimba harusini kabla hajaolewa. Hakuinuka. Alijifunika kanga hadi puani, akawa anatazama chini mpaka wimbo umekwisha. Tuliporudi akanipakulia wali, akaniambia nile. Wimbo ule hakuutaja usiku ule wala siku nyingine yoyote mpaka Mungu alipomchukua.

Wakati mwingine nasema aliogopa, nilikuwa sijaposwa, na mji una midomo. Nami ni mama sasa, hofu ya binti naijua. Halafu najijibu: la, mtu aliyekupa pumzi anaogopaje ukiitoa? Kisha narudi tena nasema labda alikuwa akilia ndani ya ile kanga, asitake watu waone. Sijatulia mpaka leo.

Nimewaza hivyo hivyo kuhusu mama yake Aya ule mwaka 2024, zilipotoka habari kwamba binti yake huenda akaimba kwenye ufunguzi wa Olimpiki. Wewe ulikuwepo huko, uliyaona. Watu walitandaza bango kando ya mto Seine, kwamba hapo ni Paris, si soko la Bamako. Mama wa watu anasoma hayo juu ya mwanawe! Naye tarehe 26 Julai akatoka na vazi la dhahabu, akaimba darajani, Pont des Arts, mbele ya jumba la Académie française, wenye kuilinda lugha yao, na askari wa Garde républicaine wakimpigia ala. Nyimbo zake mwenyewe, na kipande cha wimbo wa Charles Aznavour, mwimbaji wao mkubwa wa zamani, ambaye naye wazazi wake walikuwa Waarmenia, wahamiaji. Sauti hurithiwa. Ile hatua ya kutoka pale darajani hakuna aliyemrithisha.

Haya, umeuliza kuhusu chuo. Jibu ninalo, liko hapa mdomoni, na ukinipigia simu usiku sijui kama nitaweza kulizuia. Lakini mtoto ni wako, ada unalipa wewe, na sauti yake mimi nimeisikia kwenye simu tu, tena na muziki umeifunika. Mwambie anirekodie bila ala yoyote, beti mbili, asikohoe katikati. Na siku akiimba mbele za watu, hata kama mmegombana asubuhi yake, wewe nenda, kaa mbele, na wakati wa kutunza uinuke.

Baba yako anakusalimu, anauliza zile dawa za mguu zimetumwa au bado.

Mama yako