Maswali yenu juu ya destroya, na siye tuko mbali na bahari

Tangu tuongee juu ya Bahari Nyekundu mumenitumia maswali mingi kweli, mengine ya maana, mengine ya kunichokoza tu. Leo najibu haya.

Kijana wa Katuba anauliza: destroya inapita manowari ingine na nini?

Kazi yake kubwa ni ulinzi, ndugu yangu. Inatembea karibu na meli zingine na kuzichunga, juu angani, kwenye maji, na chini ya maji kwenye nyambizi. Chukua zile za Marekani za aina ya Arleigh Burke, ya kwanza ilianza kazi 1991: urefu mita 155 hivi, yaani kiwanja cha mpira kimoja na nusu, zile mpya zinapita tani 9,000, ndani mabaharia 300 na kitu, na mbio inapita kilomita 55 kwa saa. Mbele kuna kanuni moja tu ya milimita 127, ndiyo maana ukiiangalia kwenye picha unaona kama haina silaha. Silaha ziko chini ya sakafu! Makombora yamesimama wima ndani ya mashimo 90 ao 96, yana vifuniko, likifyatuliwa linapanda juu kwanza kisha linageuka kwenda kwenye shabaha. Na rada yake haizunguki, iko na nyuso nne zimebandikwa pande zote, inafuata vitu zaidi ya 100 kwa wakati mmoja.

Papa mmoja, mwenye kuuza magari pale Kampemba: hiyo inanihusu nini, Lubumbashi hakuna bahari?

Papa, inakuhusu kwenye mfuko. Shaba na kobalti yetu inapanda kamio, inapita mpaka wa Kasumbalesa, inaenda kutafuta meli Dar es Salaam, Durban, kwingine. Na magari yako yanakuja njia hiyo hiyo kinyume.

Lakini hapa tusidanganyane. Toyota ya kutoka Japani ikienda Dar haipiti Bahari Nyekundu hata kidogo, inakata Bahari ya Hindi. Ile ya Ulaya ndiyo inapita mfereji wa Suez na Bahari Nyekundu, na tangu mwisho wa 2023 Wahuthi, wale wapiganaji wa Yemen, walipoanza kupiga meli, kampuni kubwa nyingi zilizungusha meli zao mpaka Rasi ya Tumaini Jema, kule kusini ya Afrika, siku kumi na zaidi juu ya safari, mafuta juu, bima juu. Ni kweli meli zikichelewa upande mmoja zinapungua pande zote na bei ya kontena inapanda hata kwa wengine. Ila muuzaji akikuambia gari la Japani limepanda mara mbili ju ya Wahuthi, muombe akuonyeshe karatasi.

Huyo huyo anaongeza: si Wamarekani walipeleka destroya kule, mbona haikuisha?

Swali hili ndilo nilikuwa nangojea. Tarehe 19 Oktoba 2023 destroya USS Carney iliangusha makombora na droni zilizotoka Yemen, Desemba HMS Diamond ya Uingereza nayo ikaangusha droni. Kwa kupiga, zilipiga muzuri. Shida ni hesabu. Kombora moja la kujikinga linafika kama dola milioni 2, na droni inayolengwa ni makumi ya maelfu tu. Tena yakiisha kwenye yale mashimo huwezi kujaza katikati ya bahari, lazima urudi bandarini. Na mwenye meli ya mizigo haangalii umeangusha ngapi, anaangalia ile moja iliyopita, kama iliyopiga meli Rubymar, ikazama Machi 2024 na mbolea yake. Ndiyo maana meli nyingi ziliendelea kuzunguka hata kama manowari ziko pale.

Dada wa Ruashi: maharamia wa Somalia je, manowari inaruhusiwa kuwakamata?

Kwenye bahari kuu, ndiyo, nchi yoyote inaweza kumkamata haramia, sheria ya bahari ya 1982 inasema hivyo. Kwenye maji ya nchi, kilomita 22 hivi toka pwani, inahitaji ruhusa. Aprili 2009 meli Maersk Alabama ilikuwa inaenda Mombasa na chakula cha msaada, maharamia wanne wakaipanda, mwisho wakashuka na kapteni Richard Phillips kwenye mashua ya kuokolea. Destroya USS Bainbridge ikafika, ikaifunga ile mashua kamba, na tarehe 12 walenga shabaha wakapiga watatu kwa pamoja toka nyuma ya meli. Wa nne alikuwa amepanda manowari kujadiliana, akafungwa miaka 33 na zaidi Marekani. Hakuna kombora hata moja lililotumika.

Mwanafunzi: Kongo inunue moja, tuiweke ziwa Tanganyika!

Mutoto wangu, moja inapita dola bilioni 2. Pwani yetu kule Muanda ni kilomita kama 40 tu, mashua ndogo za doria zinatosha. Ila wazo la kupeleka manowari Tanganyika si la kichaa vile, lilishafanyika na lilipita hapa hapa. 1915 Waingereza walileta mashua mbili za vita, moja jina lake Mimi, ingine Toutou, mita 12 kila moja, kwa treni toka Cape Town mpaka Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kisha Fungurume reli ikaisha. Wakazivuta na mashini za mvuke na ng'ombe juu ya milima ya Mitumba, halafu treni tena, mto Lualaba, mpaka ziwani karibu na Kalemie. Desemba 26 wakateka meli ya Wajerumani, Kingani, na Februari 1916 wakazamisha ingine. Destroya ya tani 9,000 ng'ombe hawataiweza.

Inaweza kuzama?

Meli yoyote inazama. USS Cole ilipasuliwa na mashua ndogo ya mabomu pale Aden, Oktoba 2000, wakafa mabaharia 17, ingawa yenyewe haikuzama. 2017 destroya mbili ziligongana na meli za kibiashara, wakafa 7 kwa moja, 10 kwa ingine, na rada zote zile.

Mama wa Kenya: wanawake wanapanda?

Wanapanda, mama, na wanaamuru. Ile kazi ya kufukuza maharamia 2009 ilikuwa chini ya Admirali Michelle Howard, mwanamke mweusi.