Sadaka ya Desemba na Kodi ya Marekani

SWALI: Naishi Minnesota, nami huwa siorodheshi makato (gharama zinazopunguza mapato yanayotozwa kodi) moja moja, bali nachukua kato la jumla. Nikituma dola 600 kwa kituo cha yatima Mombasa kabla ya Desemba 31, 2026, kodi yangu itapungua?

JIBU: Ukiwatumia moja kwa moja, haitapungua, hata kama kituo kimesajiliwa Kenya. Toa kupitia shirika la hisani la Marekani linalotambuliwa na IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) na lenye kauli ya mwisho juu ya fedha hizo. Kuanzia mwaka 2026, asiyeorodhesha makato hukata kwenye mapato yanayotozwa kodi hadi dola 1,000 za michango ya pesa; wanandoa wanaowasilisha pamoja, 2,000. Nafuu hiyo ilichelewa mno! Hundi huhesabiwa siku ya kuiposti, kadi siku inapotozwa. Mchango wa dola 250 au zaidi unadai barua ya shirika ya kuuthibitisha. Ipate kabla ya kuwasilisha ritani (fomu ya kodi ya mwaka).