Nimetuma marekebisho, mbona hawanijibu?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Ligula, Mtwara, na ninatunza hesabu za mizani za chama chetu cha msingi cha korosho kwa programu huria, yaani programu ya kompyuta ambayo msimbo wake (maagizo yanayoiendesha) uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Niligundua kwamba inakata desimali inapojumlisha kilo, nikaisahihisha, nikapanga upya na msimbo wote wa faili hilo, kisha nikawatumia wasimamizi wa mradi. Siku nne zimepita, nimewakumbusha mara mbili, na bado wako kimya. Je, wananidharau kwa ugeni wangu?

JIBU: Ndugu msomaji, sioni dharau hapo. Miradi mingi ya aina hii huendeshwa na watu wanaojitolea baada ya kazi zao za mshahara, na kila mstari wanaoukubali watautunza wao hata wewe ukishaondoka. Mradi wa Linux, programu huria ya kuendeshea kompyuta, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, humtaka mchangiaji asubiri angalau wiki 1 kabla ya kukumbusha, ingawa wengi wa wachangiaji wake hulipwa na kampuni. Omba radhi kwa kifupi, kisha usubiri.

Lenye uzito zaidi ni huko kupanga upya faili zima. Mkaguzi hulinganisha msimbo wa zamani na mpya mstari kwa mstari, na wewe umeificha mistari michache yenye maana katikati ya mamia asiyoyahitaji. Ondoa marekebisho uliyotuma, utume mengine yanayohusu desimali pekee, ukitaja toleo la programu, ulichoingiza na ulichopata: kwa mfano, 62.5 na 48.25 zimetoa 110 badala ya 110.75. Tumia tarakimu za kubuni, wala usiambatishe daftari la chama, kwa maana majina na mapato ya wakulima hayapaswi kuanikwa mbele ya dunia nzima. Kabla ya kutuma, tazama kama hitilafu hiyo imekwisha kuripotiwa, na usome mwongozo wa wachangiaji wa mradi huo.

Majibu yao huenda yakawa mafupi, bila salamu ndefu tulizozoea huku kwetu. Yapokee kama maelekezo ya kazi, na usipokubaliana nayo toa hoja yenye mfano. Msimu ukianza kabla hawajajibu, leseni ya programu huria inakuruhusu kutumia nakala uliyoisahihisha mwenyewe, ilimradi uijaribu kwanza kwa hesabu za msimu uliopita.