Umeitwa mbele ya kamati kwa sababu ya GPA? Anza na tarehe

Mdogo wangu wa Kasulu, umeuliza useme nini Jumatano mbele ya kamati ya chuo ili usidisko, yaani usiondolewe chuoni kwa sababu ya alama. Nilikalia kiti hicho nikiwa mwaka wa pili, najua sasa hivi hata ugali kwa mgebuka haushuki.

Baba alilazwa hospitali ya Maweni, Kigoma, katikati ya semesta. Mimi ndiye mkubwa nyumbani, nikapanda treni Dodoma hadi Kigoma, nikamuuguza wiki tatu. Testi mbili zikanipita. Kwetu kazi za semesta zilibeba alama 40 kati ya 100, kwa hiyo niliingia mtihani wa mwisho nikiwa nimeshapwaya. Nikapata sapu tatu, yaani mitihani ya marudio, mbili nikazifeli tena. Na chuoni sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Nilidhani nikieleza habari ya baba, itatosha. Jirani yetu wa Mwanga, hapo Kigoma mjini, mwalimu mstaafu, alinikalisha kibarazani akaniuliza, "Baba alilazwa lini? Testi zilikuwa lini?" Tukapanga kwa tarehe: karatasi ya hospitali, tiketi za treni, ratiba ya testi. Hapo nikaona mwenyewe kwamba testi ya tatu niliifanya nikiwa nimesharudi. Ile nilifeli kwa kutosoma. Mzee akasema, "Hiyo itaje wewe kabla hawajakuuliza."

Mbele ya kamati nikaitaja. Nahisi ndipo waliponiamini na yale mengine.

Swali lililonibana lilikuwa hili: kwa nini hukuandika barua ya kuahirisha masomo? Jiandae nalo sana. Nilijibu ukweli, kwamba niliogopa bumu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, lisimame, na sehemu ya bumu ilikuwa inanunua dawa. Wakauliza nini kimebadilika. Nilikuwa na barua ya baba mdogo kwamba uuguzaji ameuchukua yeye, na mhadhiri wa takwimu alikuwa amekubali kunisaidia kila Ijumaa. Wakaniruhusu kurudia masomo yale kwa masharti.

Maelezo yako yawe ukurasa mmoja, vielelezo nyuma yake, nakala ubaki nazo. Kanuni za mitihani za chuo chako zisome mwenyewe, hasa siku za kukata rufaa. Usitegemee stori za hosteli. Na kama una sababu ya aibu, mimba, pombe, msongo wa mawazo, nenda kwa mshauri wa wanafunzi kesho, usingoje Jumatano.

Usiku huu tafuta hizo tarehe. Rasimu yako iweke hapa, futa jina na namba ya usajili, nitaisoma.