Pesa za tabianchi kwa kikundi cha mikoko Pate

Dadangu, umeuliza kikundi chenu cha mikoko hapo Pate mtapataje pesa za serikali za tabianchi. Kwanza msiandike proposo ya kupeleka Nairobi, mtachoka bure. Hizi za FLLoCA, ule mpango wa serikali wa kufadhili kazi za tabianchi mashinani, zapitia kaunti na miradi yaanzia kwa kamati ya tabianchi ya wadi, sasa nyinyi ulizeni nani yuko kwa kamati, mwende mkutanoni mseme mwataka miche mingapi, ipandwe wapi, na nani atazuia mbuzi (wakiingia hao miche kwisha!). Cheti cha kikundi kiwe hai. KFS, wale wa huduma ya misitu ya serikali, muongee nao mapema, mikoko ni msitu wa serikali tangu 1932. Na akija mtu ataka ya chai eti awapitishie, mfukuzeni.